Staring Hafi: Nani Aliyeweka Visasili Ndani ya Filamu?

Mhadhara wa hadhara, Kaloleni, Nairobi

Mtaa huu wa Kaloleni ulisikia hotuba za Tom Mboya na wenzake siku za kupigania uhuru, kwa hivyo si mahali pa kuzungumza ovyo. Nitazungumza juu ya sinema, na nitaichukulia kwa uzito uleule ambao wazee wale waliichukulia siasa, kwa sababu katika mitaa hii yetu ya Eastlands sinema imewasomesha watu wengi kuliko tunavyokiri.

Swali lenyewe ni hili. Mtu akitazama filamu ya risasi na ngumi, kisha akasema kwamba mhusika mkuu ni Yesu, au ni Luanda Magere, shujaa wa Waluo, au ni Musa aliyekimbilia jangwani, je, ameona kitu ambacho mtengenezaji wa filamu alikiweka humo, au amekitia mwenyewe? Nimeusikia ubishi huu ndani ya matatu za Barabara ya Jogoo, kwa vinyozi wa Umoja, na katika madarasa ya kidato cha tatu. Mara nyingi huisha vibaya. Mmoja husema, "Hakuna kitu kinachotokea kwa bahati kwenye filamu. Hao watu wanajua wanachofanya." Mwingine humjibu, "Wewe unajitungia. Hiyo ni muvi tu." Wanaachana wakiwa wameudhika, na kwa maoni yangu wote wawili wamechanganya maswali mawili.

Swali la kwanza ni kwamba filamu hii inafanana na nini. La pili ni kwamba aliyeitengeneza alinuia nini. La kwanza anaweza kulijibu mtazamaji yeyote aliyelelewa na hadithi, na hahitaji ruhusa ya mtu. La pili linahusu mambo yaliyokuwa kichwani mwa mtu fulani, mwaka fulani, mahali fulani. Hilo linataka ushahidi, kama linavyotaka ushahidi dai lolote kuhusu nia ya jirani yako. Ukilijibu la pili kwa hoja za la kwanza, utamsingizia mtu. Na ukilidharau la kwanza kwa kuwa la pili halijathibitishwa, utajinyang'anya haki ya kufikiri.

Tuanzie nyumbani. Wengi wa rika langu tulijifunza kutazama filamu katika vibanda vya video. Mabati pande zote, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi yasiyo na egemeo, televisheni moja juu kabisa ndani ya kizimba cha vyuma, na deki ya kanda chini yake. Nje kulikuwa na ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo, kwa tahajia ya mwenye kibanda. Ulilipa shilingi chache ukaketi mkibanana. Bruce Lee, Amitabh Bachchan, Arnold Schwarzenegger, wote waliingia Mathare, Korogocho na Majengo kwa mlango huo mmoja wa bati.

Humo ndani kulikuwa na sheria ambayo mtoto aliijua kabla ya kujua kusoma: staring, yaani mhusika mkuu, hafi. Adui atampiga, atamtupa mtoni, atamuulia ndugu, lakini staring atarudi. Sheria hiyo haikuandikwa na mwelekezi yeyote wa Hollywood wala wa Bombay. Watazamaji waliitoa wenyewe baada ya kuona filamu nyingi, wakaitumia kupimia filamu zilizofuata. Ilikuwa na nguvu kiasi kwamba filamu ilipoivunja, sheria haikuguswa. Katika Sholay ya mwaka 1975, Jai, ambaye ni Amitabh Bachchan, anakufa karibu na mwisho, na rafiki yake Veeru anabaki hai. Nimewasikia watu wazima wakishikilia kwamba, basi, Jai hakuwa staring. Staring alikuwa Veeru tangu mwanzo.

Chukueni pia Gladiator ya mwaka 2000. Maximus anafia uwanjani. Mbishi wa mtaani atakuambia hajafa, ameenda kwa mkewe na mwanawe, si ulimwona akisukuma ule mlango? Na hapa mbishi huyo ana hoja thabiti, kwa maana filamu yenyewe inauonyesha mkono wa Maximus ukisukuma mlango, kisha inamwonyesha akitembea shambani kuelekea kwa jamaa zake waliokwisha kufa. Mtu wa benchi la kibanda alikuwa amesoma picha kwa makini kuliko yule aliyemwambia anajitungia.

Staring hafi ni kisasili kwa maana kamili: ni kanuni inayoeleza nani anastahili kuishi na kwa nini haki hatimaye hushinda. Kimezaliwa katika vibanda vya Afrika Mashariki, kikatumiwa kusomea filamu za watu wa mbali.

Juu ya sauti ya filamu ikaja sauti ya msimulizi. Nairobi tulimpata DJ Afro. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Kampala wana VJ Jingo na wenzake. DJ Afro hatafsiri neno kwa neno. Humpachika adui jina la mtaani, humtabiria mwisho wake kabla haujafika, humshauri staring apite njia ipi, hueleza kwa nini mzee yule ana hasira, na pengine sababu anayoitoa haimo kwenye filamu hata kidogo. Hiyo ndiyo kazi ya fanani tuliyosomeshwa katika fasihi simulizi: kupokea kisa na kukisimulia kwa ajili ya watu waliopo mbele yake. Ninalotaka mlishike ni kwamba hakuna aliyedanganywa. Kila aliyeketi pale alijua picha ni za Hong Kong au za Marekani, na maneno ni ya DJ Afro. Msimulizi alijitaja jina mara kwa mara katikati ya kisa. Maana ilitiwa mchana kweupe, na aliyeitia alijulikana.

Sasa tuende kwa filamu ambazo ubishi wake ni mkali zaidi, tuone ushahidi hufananaje.

The Matrix ilitoka mwaka 1999. Mtazamaji wa Kariobangi anayesema Neo ni mfano wa Kristo hana haja ya kuomba radhi. Neo ametabiriwa, anauawa, anafufuka, na mwishoni anapaa. Kuna mwanamke aitwaye Trinity, kuna msaliti anayewauza wenzake mezani, na chombo chao kinaitwa Nebuchadnezzar. Hayo yote bado ni ufanano. Lakini kuna kipande cha chuma. Kamera inapita mbele ya kibao cha chombo hicho, na juu yake pameandikwa Mark III No. 11. Fungueni Injili ya Marko, sura ya 3, aya ya 11, mtakuta pepo wachafu wakianguka mbele ya Yesu na kumtambua kuwa Mwana wa Mungu. Kibao hakijiandiki. Kuna mtu aliyeketi akaichagua nambari hiyo, na ni vigumu kuieleza kwa njia nyingine. Huo ndio ushahidi ninaoutaka: umo ndani ya filamu, kila mtu anaweza kuuona, na hauhitaji siri yoyote.

Filamu hiyohiyo inatufunza jambo jingine. Mwaka 2020 Lilly Wachowski, mmoja wa ndugu wawili walioiandika na kuielekeza, alieleza kwamba tangu awali walinuia pia kisa cha mtu anayegeuka kuwa nafsi yake ya kweli, kisa cha waliobadili jinsia kama wao wenyewe. Kwa miaka 20 watazamaji wengi duniani waliona Injili, wakaona mafundisho ya Budha, wasione hilo. Kwa hivyo nia inaweza kuwapo na isionekane, kama vile maana inavyoweza kuonekana na isiwe imenuiwa.

The Terminator ya mwaka 1984 ni kesi ngumu zaidi. Mjumbe anatoka wakati ujao, anamjia Sarah Connor, mhudumu wa mkahawa asiye na cheo chochote, na kumwambia atazaa mtoto atakayewaokoa wanadamu. Mkristo yeyote atamkumbuka Mariamu na malaika Gabrieli, na simlaumu. Kisha watu hushikilia jina la mtoto: John Connor, J.C., kama Jesus Christ. Hapo nasita, maana mwelekezi wa filamu ni James Cameron, naye ni J.C. vilevile. Herufi mbili zenye njia mbili za kuelezeka haziwezi kubeba mzigo wa uthibitisho. Ufanano wa kisa cha mjumbe na mama una nguvu zaidi kuliko herufi hizo, na anayetaka kutetea usomaji huo aanzie hapo.

Halafu kuna Star Wars. George Lucas mwenyewe amesema aliposhughulikia hadithi ya filamu ya kwanza, iliyotoka mwaka 1977, alisaidiwa na kitabu cha Joseph Campbell cha mwaka 1949, The Hero with a Thousand Faces, kinachodai kwamba visasili vya mataifa mengi vina mwendo mmoja: shujaa anaitwa, anaondoka, anashuka gizani, anarudi na tunu. Hapo nia imekiriwa. Lakini hata katika filamu iliyokiriwa hivyo, watazamaji wameongeza yasiyokuwapo. Watu wengi huamini kwamba kisa cha baba na mwana, cha Darth Vader kuwa babake Luke, kilipangwa tangu siku ya kwanza, na wanakiunganisha na misiba ya Wagiriki wa kale. Mswada wa kwanza wa filamu ya pili, ulioandikwa na Leigh Brackett mwaka 1978, unakataa. Katika mswada huo babake Luke anatokea kama mzimu, na Vader ni mtu mwingine kabisa. Wazo kuu la kisasili hicho liliingia baadaye, kazi ikiwa inaendelea. Hivyo ndivyo wasanii wanavyofanya kazi, na hivyo ndivyo wasimulizi wetu wa jadi walivyofanya pia. Kisa hukua kinaposimuliwa.

Jambo likabadilika mwaka 1985. Christopher Vogler, mtu wa hadithi katika Disney, alifupisha kitabu cha Campbell katika waraka wa kurasa chache, waraka ukasambaa studio nzima na nje yake, na yeye mwenyewe akaja kushiriki katika hadithi ya The Lion King. Tangu hapo mwendo wa shujaa ukawa kanuni ya kazi. The Lion King ya mwaka 1994 ina mwanamfalme anayeuliwa baba na ami yake, anakimbilia mbali, anatokewa na baba aliyekufa, anarudi kudai kiti. Watengenezaji wamekubali undugu wake na Hamlet ya Shakespeare na visa vya Yusufu na Musa. Walizuru Kenya wakati wa kuitayarisha, wakachukua sura ya nchi na majina ya Kiswahili. Kwa hivyo mtoto wa Buruburu anaposema Simba anamkumbusha Musa, ameona kitu kilichowekwa. Anaposema hadithi hiyo ni ya Wakenya kwa sababu majina ni yetu, namwomba aangalie tena. Majina na mandhari ni yetu. Mifupa ya kisa ilitoka kwingine. Sisemi hivyo kwa uchungu. Nasema ili tujue kilichochukuliwa kwetu na kisichochukuliwa kwetu.

Nije kwa Luanda Magere, kwani hapa ndipo wanafunzi wangu hunibana. Shujaa huyu wa Waluo mwili wake haukupenyeka kwa mkuki, hadi mke aliyetoka kwa adui alipogundua kwamba nguvu zake zimo kivulini. Mkuki ukachomwa kivuli, jemadari akaanguka. Fumo Liyongo wa Pate na Shaka naye aliweza kuuawa kwa njia moja tu, kuchomwa kitovuni, naye akasalitiwa na wa damu yake. Sasa kijana wa Jericho anamtazama Superman akidhoofishwa na jiwe la kriptonaiti, anasema huyu ni Luanda Magere. Je, wale vijana wawili wa Marekani, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliomleta Superman duniani mwaka 1938, walichukua kwa Waluo? La. Na tena Superman wao wa kwanza hakuwa na kriptonaiti. Jiwe hilo liliingia kupitia mchezo wa redio mwaka 1943.

Wengine wangefunga kesi hapo. Mimi naona ndipo inapoanza kuwa na faida. Kwa nini wale wa redio waliona haja ya kulitia jiwe? Kwa sababu shujaa asiyeweza kuumizwa hana kisa. Hakuna wa kumhofia, hakuna wa kumsaliti, msikilizaji hana la kungojea. Msimulizi wa Nyanza alilijua hilo, wa Lamu alilijua, Wagiriki walilijua wakampa Akile kisigino. Hawakuambiana. Kila mmoja alikutana na hitaji lilelile la usimulizi, akalitatua kwa kitu kilichokuwa karibu naye: kivuli, kitovu, kisigino, jiwe. Kijana wa Jericho, bila kusoma nadharia yoyote, amegundua namna hadithi inavyofanya kazi. Kumwambia anajitungia ni kumzuia mlangoni mwa elimu. Kumwambia kwamba Wazungu walituibia Luanda Magere ni kumpa jibu la uongo. Anachostahili kuambiwa ni kwamba ameona sawa, na kwamba alichokiona hakihitaji nia ya mtu.

Ipo kesi moja ambayo Wakenya tuna haki ya kuisimulia kuliko mtu yeyote. Katika Return of the Jedi ya mwaka 1983 kuna rubani aitwaye Nien Nunb, kiumbe mwenye mashavu makubwa anayeketi karibu na Lando Calrissian vita vya mwisho vinapopamba moto. Mtaalamu wa sauti, Ben Burtt, alikuwa na desturi ya kutafuta lugha ambazo masikio ya Wamarekani hayakuzizoea. Safari hii alipata mwanafunzi Mkenya aliyekuwa akisoma huko Marekani, naye akasema maneno ya rubani huyo kwa Kikuyu. Filamu ilipofika Kenya, watu wakasikia kiumbe wa anga za mbali akiongea lugha ya nyanya zao, na maneno yana maana, yanaendana na vita vinavyoendelea. Nia ya Burtt ilikuwa lugha isieleweke. Kwetu ilieleweka. Hakuna aliyejitungia chochote: Kikuyu kimo humo, mwanafunzi yule alikisema kwa makusudi, na bado mpango mzima wa filamu haukumhesabu mtu wa Dandora kuwa miongoni mwa watazamaji. Ikiwa mtu atakuja kuniuliza kama maana ya filamu inaamuliwa na mtengenezaji peke yake, nitampa mfano huu kabla sijamtajia mwanazuoni yeyote wa Ufaransa.

Kuna upande mwingine, na huo unaniuma. The Gods Must Be Crazy ya mwaka 1980, ya Jamie Uys wa Afrika Kusini, ilipendwa sana hapa. Rubani anatupa chupa ya Coca-Cola, Wasani wa Kalahari wanaiona kuwa imetumwa na miungu, inaleta ugomvi, na mmoja wao, Xi, anatumwa kuipeleka mwisho wa dunia. Tulicheka sana. Lakini imani ile ilitungwa na Uys. Wasani walikuwa watu wa karne ya 20 kama sisi, wenye historia ya kunyang'anywa ardhi na kuingizwa jeshini. Wengi wetu tulitoka pale tukiamini tumejifunza visasili vya watu halisi. Tunapouliza kama maana za kisasili zimebuniwa, tusidhani kwamba anayebuni ni mtazamaji tu. Mtengenezaji pia hubuni, kisha akawavisha watu ambao hawakuulizwa.

Sasa niseme juu ya madhara, maana suala hili halijabaki kwenye benchi la kibanda. Mwaka 1994 Rais Moi aliteua tume ya kuchunguza ibada ya shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti ilipotolewa hadharani mwaka 1999, ilidai kwamba ibada hiyo ipo nchini. Mnaokumbuka miaka ile mnajua ilivyokuwa mitaani: fuvu lililochorwa kwenye matatu, pete, kitambaa cha kichwani, kanda ya video, vyote vikasomwa kama alama za siri. Filamu za Nigeria zilikuwa zinaingia nchini, zile za kafara na utajiri wa ghafla, za ukoo wa Living in Bondage ya mwaka 1992. Nyingi zilitangaza wazi mwishoni kwamba sifa ni kwa Mungu. Nia yake ilikuwa mahubiri. Lakini watu walizitumia kama ushahidi, kana kwamba kamera ilikuwa imeingia kuzimu ikarudi na picha. Baadaye ikaja zamu ya uvumi wa kundi la siri la Illuminati, na kila msanii aliyefumba jicho moja akawa ameuza roho. Dai la nia lilitolewa bila kibao cha chuma, bila mswada, bila neno la mhusika, na walioumia walikuwa vijana wenye nywele ndefu na akina mama wenye biashara iliyoanza kushamiri.

Hata Serikali iliwahi kujikwaa hapo. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza kwamba riwaya yake Matigari ilipotoka kwa Kikuyu mwaka 1986, habari zilienea za mtu aitwaye Matigari anayezunguka nchini akiuliza maswali juu ya ukweli na haki, na polisi wakatafuta kumkamata. Walipogundua ni mhusika wa kitabu, wakakamata kitabu, mwaka 1987. Wasomaji walikuwa wamempa uhai kwa mazungumzo yao tu.

Tazameni filamu zetu wenyewe kwa kipimo hikihiki. Kati Kati ya Mbithi Masya, ya mwaka 2016, haina ubishi: Kaleche anazinduka mahali asipopajua, anaambiwa amekufa, na hapo alipo ni kati ya huku na kule. Kisasili ndicho kisa chenyewe. Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, iko katikati. Asha anatoka kwenye jiji lililofungwa baada ya vita vya maji, anaipanda mbegu jangwani, anaipa maji yake ya mwisho na kuikinga kwa mwili wake. Watu wa Mlima Kenya huona mugumo, mti wa ibada. Filamu haiutaji mugumo, lakini mbegu ile imeandikwa jina la Kikuyu, Maitu, kwenye chupa inayoonekana wazi. Mimi nasema usomaji wa mugumo una mguu mmoja chini, na huo mguu mmoja unatosha kuujadili darasani.

Nairobi Half Life ya mwaka 2012, ya Tosh Gitonga, ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa somo hili. Mwas anauza filamu kijijini kwa kuziigiza mbele ya wateja, anakuja Nairobi kutafuta uigizaji, anaporwa siku ya kwanza, anatupwa seli. Humo analazimishwa kusafisha choo ambacho hakuna mtu angekitia mkono. Anakisafisha. Anapotoka ana rafiki, Oti, na ana maisha mapya ambayo hakuyaomba. Wanafunzi wangu huona jando: kutengwa, kudhalilishwa, kupewa jina kati ya wanaume. Wengine huona kushuka kuzimu. Filamu haitaji hata kimoja kati ya hivyo. Inaonyesha choo cha seli ya Nairobi, na kila aliyewahi kunaswa katika msako wa polisi anakijua. Kwa hivyo nawaambia wasiandike "mwelekezi alikusudia jando." Waandike "tukio hili linafuata hatua za jando," kisha wazitaje hatua, moja baada ya nyingine, na picha inayoonyesha kila hatua. Sentensi ya kwanza ni uvumi. Ya pili ni uhakiki.

Walimu mlio hapa mnajua kwa nini nakazia hilo. Tumewazoesha watoto wa shule kuandika kuhusu nia ya mwandishi kana kwamba walilala chumba kimoja naye. Wahakiki Wimsatt na Beardsley walionya juu ya kosa hilo tangu mwaka 1946, na Mfaransa Roland Barthes akaenda mbali zaidi mwaka 1967 akatangaza kifo cha mwandishi. Mimi simfuati Barthes hadi kaburini. Aliyetengeneza filamu ni mtu, ana heshima yake, na akisema alichonuia tumsikilize kama shahidi. Ila shahidi ni mmoja kati ya wengi, na filamu yenyewe ni shahidi mwingine.

Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, inalionyesha jambo hili kwa upole kuliko nilivyoweza. Jo ni msichana mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Anapenda mashujaa wa filamu. Kijiji kizima, pamoja na mwenye kibanda cha video anayesimulia filamu, kinakubaliana kumfanya aamini ana uwezo wa ajabu, na hatimaye wanamtengenezea filamu yake. Wote wanajua wamebuni. Jo pia anakuja kujua. Hakuna anayedai Mbingu imetuma ishara, na bado walichotengeneza ni cha kweli kwa maana iliyo muhimu kwao.

Hapo narudi kwa wasimulizi wa vibanda, nami nina ombi. Sehemu kubwa ya usomaji wa filamu uliofanywa Eastlands haikuandikwa popote. Imo kwenye kanda za VHS zinazoota ukungu, kwenye VCD zilizokwaruzika, kwenye vichwa vya watu walioketi mabenchini na wenye vibanda ambao sasa ni wazee. Kaloleni ina maktaba, Makadara ina maktaba, zote mbili ni matawi ya McMillan na zote ni mali ya umma. Tuwaombe wasimamizi watutengee rafu moja. Aliye na kanda ya msimulizi yeyote, wa Nairobi, wa Dar es Salaam au wa Kampala, asiitupe. Aliyewahi kuendesha kibanda aketi na kijana mwenye simu, amsimulie: filamu zipi zilijaza mabenchi, msimulizi alisema nini mahali filamu iliponyamaza, watu walibishana juu ya nini baada ya taa kuwaka. Juu ya kila rekodi pawekwe jina la mtaa na mwaka. Na kila palipo na maneno yaliyotiwa na msimulizi, paandikwe kwamba ni yake.